Prado 150 na mawe ya Longido: nibaki na rimu za inchi 18 au nishuke hadi 17?

DaktariWaMifugo (Arusha)

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliokwisha kulipia makosa yao katika jambo hili ili nisiyarudie kwa fedha zangu. Ninatumia Toyota Land Cruiser Prado 150 ya mwaka 2014, injini ya petroli ya lita 2.7, gia otomatiki nne, ambayo niliipokea kutoka Japani ikiwa na rimu za aloi za inchi 18 na matairi ya 265/60R18. Kazi yangu ni utabibu wa mifugo. Kwa wiki napita lami ya Arusha hadi Longido mara mbili au tatu, kisha naiacha na kuelekea Ketumbeine, Gelai, na mara mojamoja hadi Engaresero chini ya Ol Doinyo Lengai, nikiwa na majokofu mawili ya chanjo, mitungi ya maji, msaidizi wangu na mwenyeji mmoja au wawili ambao hawakosekani njiani.

Katika miezi minne iliyopita matairi mawili yamechanika ubavuni. La kwanza fundi wa kijijini alilipachika kipande cha tairi kuukuu kwa ndani na kuweka tyubu, nami nikarudi nalo Arusha kwa mwendo wa mwenda kwa miguu. La pili lilikatwa na jiwe jeusi ambalo hata sikulihisi kwenye usukani. Nilisikia mlio kama wa mtu anayechana khanga mpya, na niliposhuka nikakuta mpasuko unaoingia vidole vitatu.

Muuzaji mmoja wa matairi mjini ananishauri nivue kila kitu, niweke rimu pana za chuma za inchi 17, matairi ya 285/70R17 yenye meno makubwa ya matope, na kuinua gari kwa springi mpya. Rafiki yangu anasema nibaki na rimu nilizonazo, ila ninunue matairi bora zaidi. Mimi nipo katikati. Je, kushuka inchi moja ya rimu kunasaidia kweli? Rimu za chuma zina faida gani leo? Na kwa mtu anayetembea lami nusu ya safari zake, meno ya matope si mzigo tu?

FundiUpepo (Moshi)

Daktari, pole sana. Nimefunga na kufungua matairi kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo utanisamehe nikianza na hesabu kabla ya majina ya kampuni.

Namba 265/60R18 inasema kwamba tairi lina upana wa milimita 265, kwamba kimo cha ubavu wake ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 159, na kwamba linakaa kwenye rimu ya inchi 18. Ukichukua 265/65R17, ubavu unakuwa milimita 172 na kimo cha tairi zima hakibadiliki: lako la sasa ni milimita 775, hilo ni 776. Ndiyo maana Toyota waliuza gari hilohilo kwa saizi zote mbili. Ukichukua 265/70R17, ubavu unafika milimita 185 na nusu, tairi zima milimita 803. Gari litainuka milimita 14 tu, jambo ambalo si la kujivunia mbele ya watu, lakini umeongeza zaidi ya sentimita mbili na nusu za mpira kati ya jiwe na rimu, na hizo ndizo unazozihitaji. Kwa barabara ulizozitaja, hiyo ndiyo saizi ambayo ningekufungia.

Gharama yake ni kwamba spidomita itakuwa nyuma kwa asilimia tatu na nusu hivi. Ikisoma 100, ongezeko la tairi peke yake linaufanya mwendo kuwa karibu 103.6. Spidomita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo mara nyingi tofauti hiyo humezwa, lakini ukipita kijijini penye kibao cha 50 usitembelee 50 kamili ukitegemea kumshawishi askari mwenye tochi ya kupimia mwendo kwa somo la jometri.

Sasa hiyo 285/70R17. Kimo chake ni milimita 831, yaani asilimia saba zaidi ya ulilonalo. Injini ya 2.7 yenye gia nne tayari inatafuta gia kila ikiona mlima. Ukiipa tairi refu na zito namna hiyo itakuwa inapanda na kushuka kati ya gia ya tatu na ya nne kutoka Longido hadi Namanga, na mafuta utayaona yanakwisha. Ukikata usukani hadi mwisho tairi litagusa plastiki za ndani ya madigadi, ndipo muuzaji atakapokumbuka kukuuzia springi, na springi zikiinua gari, ekseli za mbele zinafanya kazi kwa pembe ambayo haikukusudiwa. Simlaumu, naye ana duka la kuendesha. Ila hapo hukununua tairi, umenunua mradi.

Jambo ambalo wauzaji hulipita haraka ni ofseti ya rimu, yaani umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaoegemea habu, yaani kitovu cha gurudumu. Rimu halisi ya Prado 150 ya inchi 17 ina upana wa inchi 7.5 na ofseti ya milimita +25. Rimu pana za maonyesho mara nyingi huwa na upana wa inchi 8 na ofseti ya 0. Piga hesabu utaona kwamba ukingo wa nje unasogea nje kwa milimita 31. Gari linasimama kwa madaha, sikatai, lakini beringi za mbele zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, usukani unavutwa na kila jiwe, na matope yanapakwa milango yote hadi kwenye vioo. Tena ubavu wa tairi umeutoa nje ya mwili wa gari, mahali ambapo mawe ya ukingo wa njia yanausubiri. Mtu anayelalamikia ubavu kuchanika hapaswi kuutoa nje kwa hiari yake.

Rimu unayoitafuta iwe na matundu sita kwenye duara la milimita 139.7 na tundu la katikati la milimita 106.1. Usihangaike na inchi 16 kwa sababu rimu nyingi za saizi hiyo zitagusa kalipa za breki za mbele.

Kuhusu chuma na aloi, maneno ya wazee yana ukweli: rimu ya chuma ikipinda ukingo unainyoosha kwa nyundo chini ya mgunga na safari inaendelea, wakati aloi ikipigwa sana hupasuka, na ufa wa aloi hauzibwi njiani. Pamoja na hayo, aloi halisi za Toyota ni imara kuliko sifa zake za mitaani, na katika kazi yangu nimeona nyingi zilizopasuka zikiwa ni za kuiga, zilizonunuliwa kwa ajili ya picha. Tafuta rimu tano halisi za inchi 17 zilizotoka kwenye Prado nyingine. Ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu wapo wengi wanaokwenda upande usio wako, kutoka 17 kwenda 20.

MpitaChalbi (Marsabit)

Hamjambo wote. Nakubaliana na fundi karibu katika kila jambo, ila nataka kuongeza habari ya meno ya tairi, ambayo hakuigusa.

Mimi huendesha kutoka Marsabit kwenda North Horr kupitia jangwa la Chalbi, na mara nyingine Loiyangalani, ambako kando ya Ziwa Turkana kuna mawe ya volkano yasiyo na huruma. Barabara ya Isiolo hadi Moyale siku hizi ni lami, kwa hiyo hali yangu inafanana na yako: nusu lami, nusu mateso. Nilitumia matairi ya matope, yale ya MT, kwa miaka mitatu. Ubavu wake ulikuwa mnene na sikupata mchaniko hata mmoja, lakini kwenye lami yalinguruma kiasi kwamba abiria wa nyuma hawakunisikia, na siku ya mvua karibu na Archers Post nilikanyaga breki kwa ajili ya mbuzi, gari likateleza mita nyingi zaidi ya nilizozitarajia. Mbuzi alipona. Mimi nilibadilisha matairi mwezi uliofuata.

Sasa natumia AT, yale ya barabara mchanganyiko, lakini ya daraja la LT, yaani la magari mepesi ya mizigo. Hapa ndipo Daktari anapaswa kusoma ubavu wa tairi kwa makini kuliko kutazama meno. AT ya kawaida ya 265/65R17 huandikwa namba ya mzigo 112, maana yake kila tairi linabeba kilo 1120. Hizo zako za inchi 18 kwa kawaida huandikwa 110, yaani kilo 1060. AT ya LT yenye plai 10 (daraja la uimara wa tabaka zake) katika 265/70R17 huandikwa 121, ambayo ni kilo 1450. Hubebi mzigo wa namna hiyo, lakini unanunua nyuzi nene zaidi, na katika baadhi ya matairi hayo ubavu una tabaka tatu badala ya mbili. Kabla ya kulipa, tafuta mahali palipoandikwa muundo wa ubavu na wa uso kwa herufi ndogo. Kila tairi linasema lenyewe lina nini, ila watu hawainami kusoma.

Nakuonya mapema kuhusu mambo mawili. La kwanza, tairi hilo ni zito kwa kilo kadhaa, na kwa injini yako utalihisi. La pili, AT yoyote, hata iwe ghali vipi, ikiingia kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika hujaza matope kati ya meno na kugeuka kipara ndani ya mita ishirini. Hapo MT huyatupa matope yenyewe na kuendelea kushika. Jibu langu kwa tatizo hilo ni minyororo ya kufunga kwenye magurudumu ya nyuma, ninayoibeba tangu Machi hadi Mei na kuivaa mara mbili au tatu kwa msimu. Siwezi kuvaa mabuti ya shamba mwaka mzima kwa sababu ya siku tatu za tope.

BinSharqiya (Muscat)

Assalamu alaykum. Huku kwetu hatuna udongo mweusi, lakini kwa mchanga na mawe tumejaaliwa, na naona hakuna aliyetaja upepo. Mtu anaweza kununua tairi bora duniani akalichana kwa sababu ya upepo tu.

Wanaoingia mchanga wa Sharqiya hapa Oman kutokea Al Wasil au Bidiya husimama mwisho wa lami na kupunguza upepo hadi psi (kipimo cha msukumo wa upepo) 15 au 16, na hapo gari lilelile lililokuwa linazama linapanda kilima kama lililobadilishwa injini. Wengi hudhani tairi linapanuka ubavuni. Kinachotokea hasa ni kwamba unyayo wake unarefuka kwenda mbele na nyuma, na ndiyo maana tairi lenye ubavu mrefu linafaa zaidi mchangani kuliko tairi pana lenye ubavu mfupi. Meno makali ya matope huko ni hasara, kwa kuwa yanachimba. Ukiwa na upepo huo usikate kona kwa nguvu wala usizidishe kilomita 30 kwa saa, maana tairi laweza kuchomoka kwenye rimu.

Kwenye mawe hali ni nyingine. Tairi lililojaa sana limekazwa kama ngoma, ukuta wake hauna pa kurudi nyuma, jiwe lenye ncha hulikata. Tairi lenye upepo mdogo mno nalo hutokeza ubavu nje na kubanwa kati ya jiwe na rimu. Wewe unapita wapi na psi ngapi?

DaktariWaMifugo (Arusha)

Nawashukuru sana. BinSharqiya, swali lako limeniumbua. Nimekuwa nikijaza 36 Arusha kwa sababu kijana wa kituo cha mafuta alisema gari kubwa linahitaji upepo mwingi, na nimekuwa nikiingia Ketumbeine na 36 hiyohiyo, jua la saa saba likiwa limeipandisha zaidi. Naomba mnieleze kwa tarakimu, na mniambie pia kama ninaweza kununua matairi manne tu na kubaki na spea yangu ya zamani, maana fedha si nyingi.

MpitaChalbi (Marsabit)

Kwa lami fuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, na ukiwa na LT ongeza kidogo, kwa sababu tairi la LT huhitaji upepo zaidi ili libebe mzigo uleule. Kwa changarawe na yale mawimbi madogo yanayotikisa meno, mimi hushuka hadi 26 au 28 na kutozidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mawe ya volkano hushuka hadi 24 na kutembea chini ya 40. Mwendo ni nusu ya dawa, na kupunguza upepo bila kupunguza mwendo ni kuliua tairi kwa joto.

Ipo njia ya kujipima isiyohitaji kumwamini mtu yeyote. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, endesha saa moja, kisha pima tena. Ukiongezeka kwa zaidi ya psi 4, au 6 kwa LT, tairi linakunjika mno: ama ulianza na upepo mdogo, ama umezidisha mwendo au mzigo. Ukipanda kidogo sana, ulijaza kupita kiasi. Nunua kipimo chako mwenyewe pamoja na pampu ndogo ya kufunga kwenye betri, na uviweke mahali pa kufikika bila kushusha majokofu.

FundiUpepo (Moshi)

Kuhusu spea nasema hapana, na hapa sitakupa njia ya katikati. Prado hiyo inavuta magurudumu yote manne muda wote, ikiwa na difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukifunga tairi la milimita 775 pamoja na matatu ya 803, difu hiyo inafanya kazi bila kupumzika, na kama umeifunga ukiwa kwenye ardhi ngumu utaua vitu vya bei kubwa kuliko tairi la tano. Nunua matano yanayofanana, uyazungushe yote matano kila kilomita 10,000, yaishe meno kwa pamoja. Kama fedha hazitoshi kwa matano ya LT, nunua matano ya AT ya kawaida katika 265/65R17. Bado ubavu utakuwa mrefu kuliko ulionao, na spidomita itabaki kama ilivyo.

Jambo la mwisho ni dogo, ila limewahi kunikosesha usingizi. Nati za rimu halisi za aloi za Toyota zina shingo iliyonyooka na washa bapa. Nati za rimu za chuma na za aloi nyingi za kuiga zina kichwa cha mshazari kinachojikita kwenye tundu. Hazibadilishani. Ukifunga rimu ya chuma kwa nati za washa bapa, zitaonekana zimekaza, kisha zitalegea zenyewe. Niliwahi kuletewa gari ambalo stadi (boliti zinazoshika rimu) nne kati ya sita zilikuwa zimekatika gurudumu moja, na dereva alidhani ni kelele za shokapu. Ukinunua rimu halisi nati zako zitafaa, lakini mwambie fundi azijaribu kwa mkono kwanza, na uzikaze upya baada ya kilomita 50 hadi 100.

DaktariWaMifugo (Arusha)

Narudi baada ya wiki tatu kueleza nilichofanya. Nilipata rimu tano halisi za inchi 17 zilizovuliwa kwenye Prado nyingine hapa mjini. Tuliziweka moja baada ya nyingine kwenye mashine ya balansi kabla sijalipa; moja ilikuwa inacheza kwa macho kabisa, nikaikataa nikaletewa nyingine.

Matairi nilichukua 265/70R17 AT za LT, na nikajifunza kuinama na kusoma. Manne yalikuwa na tarakimu 0824, yaani wiki ya nane ya mwaka 2024. La tano lilikuwa na 3119. Muuzaji aliapa kwamba ni jipya na halijawahi kugusa barabara, na pengine ni kweli, lakini mpira huzeeka hata ukiwa kivulini, na hilo lingekuwa spea yangu, tairi ambalo ningelikimbilia siku nimekwama. Nilimsubiri siku mbili hadi alipoleta la mwaka uleule wa wenzake.

Jumatatu niliteremsha upepo Longido hadi psi 28, matairi yakiwa baridi kwa sababu nililala hapo. Baada ya saa moja kuelekea Ketumbeine kipimo kilisoma 32. Mlio wa mawimbi ya barabara umepungua kiasi kwamba chupa za dawa hazigongani tena ndani ya jokofu. Ni kweli injini inasikia uzito, hasa kutoka kusimama. Kuna jambo moja sikulitazamia: tairi la spea linaning'inia kwenye mlango wa nyuma, na tangu lije hili zito mlango umeanza kulia kwenye bawaba nikipita makorongo.

FundiUpepo (Moshi)

Huo ni ugonjwa wa Prado zote zinazotembea porini. Usianze na grisi. Vua spea, kaza boliti za kibebeo na za bawaba, kisha fungua mlango nusu na uuinue kwa mikono miwili kutoka chini. Ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimelika na zibadilishwe kabla ya masika. Usipocheza, ni mpira wa kuegemea mlango umechoka, nao haugharimu kitu cha kutisha.